Mchumia juani hulia kivulini, ila kivuli chenyewe tutakifikia?

Nesi alinipima presha mara tatu. Mara ya kwanza akadhani mashine imekosea, akahamia mkono mwingine, ikaja namba karibu ileile, akaniambia kaka kaa hapo dakika kumi usiongee na usishike simu, na kwa kweli hizo dakika kumi sikuzimaliza, simu ikatetemeka mfukoni nikaitoa nikaanza kumjibu bosi kuhusu ripoti. Akaniangalia tu. Ya tatu ikatoka 170 kwa 110. Nilikuwa na miaka 38.

Nilitegemea aniulize mambo ya chumvi na uzito, yeye akaanza na "unafanya kazi masaa mangapi kwa siku?" Nikamjibu naingia saa moja asubuhi, siku nyingi natoka saa moja au saa mbili usiku, na Jumamosi pia naenda mpaka mchana. Nilivyofika nyumbani ndo nikajisikia vibaya, maana nilikumbuka ile sauti niliyomjibia nayo. Ilikuwa sauti ya mtu anayejisifu. Yaani mtu ananipima presha ya kuniua na mimi namtajia masaa ya kazi kama mwanafunzi anayetaja maksi zake.

Toka siku hiyo nimekuwa nasoma sana hii habari ya kazi na umri wa kuishi, na nataka niandike ninachokiona mpaka sasa, kwasababu naamini kuna watu wengi wako kwenye hiyo hali niliyokuwa nayo na hawajui, au wanajua ila wanaona ndo uanaume, ndo uchapakazi, ndo kujituma.

Angalia tu tunavyosalimiana. Mtu akikuuliza mambo vipi unajibu "niko bizi sana aisee" na unategemea akuheshimu kwa hilo. Ukisema wikendi nzima nimelala, nimekaa tu na watu wangu, inabidi uongezee maelezo, sijui nilikuwa naumwa, sijui wiki ilikuwa ngumu, kama vile kupumzika ni kosa linalohitaji utetezi. Aliyelala masaa manne anasimulia kwa kujiamini kuliko aliyelala manane. Na tumelelewa na methali kabisa, mchumia juani hulia kivulini, fanya kazi sasa utapumzika baadaye. Mi hii methali naipenda na sina ugomvi nayo, ila kuna kitu nilikisoma kikanifanya niitazame upya.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja kuhusu masaa marefu ya kazi. Makadirio yao ni kwamba mwaka 2016 peke yake watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya masaa 35 mpaka 40, hatari ya kupata kiharusi inapanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17. Mimi nilipiga hesabu ya wiki yangu nikapata masaa 65, na hapo sijahesabu meseji za usiku.

Ila kilichonishika zaidi kwenye ule utafiti ni umri. Wengi wa hao waliokufa walikuwa na miaka 60 mpaka 79, na hayo masaa marefu waliyafanya huko nyuma walipokuwa kati ya 45 na 74. Fikiria hiyo kidogo. Yaani deni linakuja kudaiwa kipindi kilekile tulichoambiwa ni cha kivulini! Mtu amechuma juani miaka 30, anakaribia kukaa chini, mwili unaleta bili. Na njia zenyewe hazina maajabu, homoni za stresi zinakaa juu muda mrefu, presha inapanda, usingizi unakatwa, mazoezi hayapo, sigara na pombe zinaingia kama dawa ya kutuliza, na hata ukisikia dalili unasema nitaenda hospitali kazi ikipungua, na kazi haipungui.

Wajapani wana neno kabisa la hiki kitu, karoshi, kifo kinachotokana na kazi kupita kiasi. Kesi inayotajwa kama ya kwanza ni ya mwaka 1969, kijana wa miaka 29 aliyekuwa kitengo cha usafirishaji kwenye kampuni ya magazeti, alikufa kwa kiharusi. Miaka 29! Siku hizi serikali yao ina kipimo, kama mtu alifanya ovataimu zaidi ya masaa 100 kwenye mwezi kabla hajapata kiharusi au shambulio la moyo, au wastani wa zaidi ya 80 kwa mwezi kwenye ile miezi miwili mpaka sita ya mwisho, basi kazi inachukuliwa kwamba ina uhusiano mkubwa na ugonjwa wake na familia inaweza kulipwa fidia. Mwaka 2014 wakapitisha sheria ya kuzuia hivyo vifo. Mi niliposoma kwamba imebidi nchi itunge sheria ili watu wasife kwa kufanya kazi nikaona basi hili jambo limeshatoka kwenye tabia ya mtu mmoja mmoja, ni utamaduni, ni kile ambacho watu wote ofisini wanaona ni kawaida kiasi kwamba wa kwanza kunyanyuka kwenye kiti anajisikia msaliti.

Sasa hapohapo nikakwama. Kwasababu hiyohiyo Japani ndo kati ya nchi ambazo watu wanaishi muda mrefu kuliko karibu wote duniani, wastani ni kama miaka 84. Mwaka 1963 walikuwa na watu 153 tu waliofikisha miaka 100, mwaka 2024 wamevuka 95,000. Inakuwaje nchi yenye neno la kufa kwa kazi ndo nchi ya wazee wa miaka 100?

Sehemu ya jibu ni chakula na matibabu, bima ya afya kwa wote wanayo toka mwaka 1961, hilo lazima lisemwe maana kuna watu wanapenda kueleza kila kitu kwa mtazamo chanya na kusahau hospitali. Na karoshi haimpati kila mtu, inawapata walio kwenye kazi za namna fulani. Ila kuna neno lao lingine, ikigai, ambalo ni kama kusema kile kinachokufanya uone maisha yana maana, sababu ya kuamka asubuhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku waliwauliza watu zaidi ya 43,000 wa miaka 40 mpaka 79 kama wanayo hiyo ikigai, wakawafuatilia miaka saba, na waliosema hawana walikuwa na hatari ya kufa karibu mara moja na nusu ya wale waliosema wanayo. Kwa hiyo kwenye nchi moja kuna mitazamo miwili ya kazi, kuna ile ya kujimaliza kwa ajili ya kampuni na kuna hii ya kuwa na jambo dogo la kufanya kila siku mpaka uzeeni, na zinavuta pande mbili tofauti.

Kisiwa cha Okinawa huko Japani ndo kinatajwa sana hapa kwa wazee wake wa miaka 100, na wana vikundi vyao vinaitwa moai, marafiki wanaokutana na kuchangiana pesa na kubebana kwenye shida kwa miaka na miaka. Mi zile habari za visiwa vya wazee huwa nazisoma kwa tahadhari kidogo, kwasababu mwaka 2010 Japani walipokagua kumbukumbu zao walikuta zaidi ya watu 230,000 wanaoonekana kwenye makaratasi wana miaka 100 na kuendelea ambao hawajulikani walipo, na mpaka leo kuna watafiti wanabishana kuhusu umri wa wazee wa maeneo mengi ya namna hiyo. Na Okinawa yenyewe imebadilika, mwaka 2000 wanaume wake walishuka mpaka nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Damu ni ileile, kisiwa ni kilekile, kilichobadilika ni namna ya kuishi. Hilo kwangu ndo lina uzito kuliko picha za wazee wanaocheka.

Kitu kingine ambacho naomba ukisome taratibu maana kilinibadilisha kabisa ni ule utafiti wa Uingereza unaoitwa Whitehall. Ulianza mwaka 1967, wakachukua wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali, wote wako ofisini, wote wana ajira ya uhakika na matibabu ya bure. Ungetegemea mabosi wakubwa ndo wafe mapema si ndio? Wana majukumu, wana maamuzi mazito, stresi za vikao. Profesa Michael Marmot na wenzake walikuta kinyume chake, wa daraja la chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikuwa wanakufa kwa kiwango cha mara tatu ya wale wa juu kabisa. Na haikuwa kwamba maskini na matajiri tu ndo wanatofautiana, kila ngazi ilikuwa na afya mbaya kuliko ngazi iliyo juu yake, kama ngazi ya nyumba. Sigara na presha na kolestro zilieleza sehemu tu ya hiyo tofauti. Wakaanza utafiti wa pili mwaka 1985, safari hii wakaweka na wanawake, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni uwezo wa mtu kuamua kazi yake mwenyewe, nianze na kipi, nipumzike saa ngapi, nina sauti au sina. Asiyekuwa na sauti moyo wake ulikuwa kwenye hatari zaidi.

Nilivyosoma hiyo nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mtunza stoo miaka 34. Stoo kubwa, vipuri vya mashine, na alikuwa anajua kila kitu kilipo bila kuangalia daftari, ukimwambia namba ya bolti anakuelekeza rafu ya ngapi kushoto. Pale alikuwa na sauti. Siku ya kustaafu walimpa hotuba na saa ya ukutani. Wiki ya kwanza nyumbani aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akanyoosha shati, akavaa, akakaa sebuleni. Mama akamuuliza unaenda wapi akasema siendi popote. Alikuwa bado ana kile kishikizo cha funguo kiunoni, funguo alikuwa amesharudisha zote, kimebaki kishikizo kitupu na ufunguo mmoja wa kabati letu, na alikuwa anakigusagusa akiwa anaongea. Baada ya miezi michache akaacha kunyoosha mashati. Akawa analala mchana, akawa hataki kutoka, marafiki zake wote walikuwa wa kazini na wale wa kazini walikuwa kazini. Alifariki mwaka wa tatu. Madaktari walisema moyo na mimi sina ubishi na madaktari, ila nilimwona baba akipungua kabla moyo haujapungua.

Kuna utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa Marekani kwa wafanyakazi wa sekta ya mafuta, waliostaafu wakiwa na miaka 55 walionekana kufa mapema kuliko waliostaafu wakiwa na 65, hasa kwenye miaka kumi ya mwanzo. Hapa lazima niwe mkweli, wengine walistaafu mapema kwasababu walikuwa tayari wanaumwa, kwahiyo huwezi kusema kustaafu ndo kunaua. Na mtu aliyebeba mizigo mgongoni miaka 40 kustaafu kwake ni kupona. Ninachosema mi ni kwamba utamaduni ukimfundisha mtu kwamba yeye ni kazi yake na basi, siku kazi ikiondoka inaondoka na mtu.

Halafu nina shangazi, dada mkubwa wa baba, ana miaka 91. Huyu hakuwahi kuajiriwa na hakuwahi kustaafu. Ana bustani yake, ana kikundi cha wamama ambacho yeye ndo mweka hazina na ana daftari la michango ambalo hata umpe pesa hakuruhusu ulishike, na kila jioni lazima kuna mtu anakuja kumuuliza kitu. Ukimwambia shangazi pumzika anakuambia nimepumzika mchana. Na kweli, mchana saa saba mpaka saa tisa hata aje nani mlango umefungwa. Anafanya kazi kila siku ya maisha yake na hajawahi kuniambia yuko bizi.

Wanasayansi wamegusa na hili la jinsi tunavyowaona wazee. Becca Levy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale Marekani, mwaka 2002, aliangalia watu 660 wa mji mmoja wa jimbo la Ohio ambao walikuwa wamehojiwa miaka mingi nyuma kuhusu wanavyouona uzee wao, wale waliouona kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kama kuisha thamani. Miaka saba na nusu! Sasa jiulize mtu anautoa wapi huo mtazamo kama sio kwa watu wanaomzunguka, wanavyomwita, wanavyomuuliza ushauri au kumwambia mzee we kaa tu.

Na kupumzika kwenyewe. Wasabato wa California wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha wanaume wao wanaishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa California na wanawake miaka 4.4. Hawavuti sigara, wengi hawali nyama au wanakula kidogo, kwahiyo siwezi kuipa Sabato sifa zote, ila mi nikiangalia naona kitu ambacho sheria za kazi haziwezi kukupa kirahisi, siku nzima kuanzia jua kuzama Ijumaa mpaka kuzama Jumamosi ambayo hakuna anayekuuliza kwanini hupokei simu, kwasababu wote mmekubaliana. Huhitaji kujitetea. Kupumzika peke yako katikati ya watu wanaokimbia ni kazi nyingine. Ufaransa wamejaribu kuliweka hilo kwenye sheria, likizo ya wiki tano yenye malipo toka mwaka 1982, na kuanzia Januari 2017 makampuni yenye wafanyakazi 50 na kuendelea yanatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu simu na imeili baada ya kazi. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, na hukohuko watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 12,000 waliokuwa kwenye hatari ya ugonjwa wa moyo kwa miaka tisa, wakaona waliokuwa wanachukua likizo mara nyingi zaidi walikufa wachache kuliko waliokuwa wanairuka.

Najua kuna anayesoma hapa anasema wewe unaongea kwasababu una mshahara, mi nisipofanya kazi mbili watoto hawali. Upo sahihi kabisa na sina cha kukufundisha, huo sio utamaduni ni ulazima, na wa kulaumiwa ni wanaolipa kidogo. Hasira yangu mi ni kwa hali kama yangu, ambapo kazi ingeweza kuisha saa kumi na moja ila tunakaa mpaka saa mbili kwasababu bosi bado yupo, na bosi yupo kwasababu alivyokuwa mdogo bosi wake alikuwepo.

Mi natumia dawa za presha sasa, kila asubuhi, na nitaendelea nazo, sitaki mtu asome hapa atupe dawa zake akidhani likizo itamponya. Masaa nimepunguza, nikaongea na bosi, haikuwa rahisi na kuna fursa moja niliikosa ambayo ilienda kwa mwenzangu anayekaa mpaka usiku. Iliniuma. Bado inaniuma kidogo. Mara ya mwisho nilipima ikawa 136 kwa 86.

Lakini kilichonisumbua zaidi ya yote ni siku nilipofungua simu nikawa natafuta meseji fulani ya zamani, nikajikuta nasoma meseji nilizokuwa nawatumia watu walio chini yangu. Saa nne usiku. Saa tano na robo. Jumapili asubuhi, "samahani kwa usumbufu, ile faili iko wapi". Na wote walikuwa wanajibu, ndani ya dakika mbili tatu, kwa heshima, "sawa bosi". Mmoja alijibu kutoka hospitali akiwa anauguza mtoto, aliniambia baadaye.

Jana saa tatu usiku nilikuwa nimeshaandika meseji ya kumuuliza dada mmoja wa timu yangu kuhusu mahesabu ya mwezi. Nikaifuta. Nikamwandikia leo saa mbili na nusu asubuhi, akanijibu nikiwa bado sijakaa kwenye kiti.